Kijiti cha Tatu

Asubuhi ile nilitoka nyumbani, mtaa wa Katoyi, kununua mkate na kipande cha jibini, na mkate sikuununua. Mama anayeuza jibini za Masisi kwenye kona yetu alikuwa amezipanga juu ya plastiki, duara za njano za ukubwa wa sahani, na mimi kwa ugonjwa wangu wa kuuliza kila kitu nikamuuliza hii imetoka wapi, na ile je. "Hii ya chumvi kidogo ni ya Mama Furaha, bibi ya Muzee Bonane, kule juu ya Sake," akasema. "Lakini muzee alisha kufa. Mwezi moja sasa." Nikauliza Bonane yupi, maana wenye jina hilo ni wengi. "Ule wa ng'ombe. Mwenye kuvalaka kofia ya sufu hata jua ikiwaka." Nikabaki nimeshika jibini kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wengine. Nilirudi chumbani, nikatoa chini ya godoro kaye yangu, daftari la jalada la buluu, nikaitia mfukoni pamoja na shati moja, nikafunga mlango. Jirani aliniuliza naenda wapi. Nikasema Sake, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo. Sikujua nitalala wapi. Nimeondoka hivyo mara nyingi maishani, kwa kuchoka mahali au kwa kutaka kuona lori fulani linaishia wapi, na nywele zimeanza kuwa nyeupe bila tabia hiyo kuniacha. Lakini safari hii kulikuwa na mtu niliyepaswa kumwambia jambo moja, jambo nililoliahirisha zaidi ya miaka ishirini, na alikuwa amekwenda bila kulisikia.

Pikipiki ilinipitisha Mugunga, ambako si zamani hema za wakimbizi zilifunika mawe meusi mpaka ukingoni mwa barabara, na sasa yamebaki mawe na vipande vya plastiki vilivyonasa. Motari aliyeiendesha alitaka mazungumzo, mimi sikutaka. Nilikuwa nafikiria mara ya kwanza nilipopita hapo nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimekaa juu ya mzigo wa mabomba. Shule niliiacha sekondari ya pili, si kwa kuichukia, ila kila mwalimu alipofika mahali pa kuvutia kengele ililia. Tangu hapo nilikuwa nimebeba magunia, nimekaanga mandazi, nimefungua redio za watu na kuzifunga tena. Siku ile niliona lori limepakia mabomba marefu kuliko nyumba, na nikataka kujua ni maji gani yanayohitaji mabomba makubwa namna ile. Yaliishia kwenye bonde moja nyuma ya Sake, tambarare iliyokuwa kinamasi zamani, ambako mradi ulikuwa umeanza kumwagilia vitunguu na nyanya kwa maji ya mto mdogo uitwao Kanyamuhe. Nilishusha mabomba mpaka mchana na kuuliza maswali mpaka jioni, na enjenyeri wa mradi, kijana aliyenizidi miaka mitano na diploma moja, akachoka kunijibu. "Weye unapenda kujua bintu," akasema. "Kesho utaanza kupima maji."

Sababu ya kupima ilikuwa hii. Watu wa chini ya bonde, wanaochota maji ya Kanyamuhe, walikuwa wanalalamika. Maharagwe waliyoyamwagilia kwa ndoo wakati wa kiangazi yaliungua majani pembeni, na sabuni ilikataa kutoa povu. Aliyewasemea alikuwa Mama Riziki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, ambaye alifika ofisini na beseni, maji, sabuni na shati chafu la mume wake, akaviweka vyote juu ya meza. "Enjenyeri, fua weye mwenyewe, tuone." Mradi ukaahidi kupima mwaka mzima. Ikionekana chumvi inatoka mashambani, utachimba mfereji mwingine wa kupeleka maji machafu kwenye shimo mbali na mto. Isipoonekana, mfereji hakuna. Mambo yote yalisimama juu ya namba ambazo ningeziandika mimi, na jambo hilo lilinifanya nitembee kifua mbele kama askari wa gwaride.

Maji yote ya mto yana chumvi kidogo ambayo ulimi hauisikii. Ukimwagilia shamba, jua linakunywa maji na kuiacha chumvi. Siku baada ya siku udongo unakuwa mweupe juu, kama umenyunyiziwa unga wa muhogo, na vitunguu vinaanza kudumaa. Hapo inabidi kufurika shamba kwa maji mengi ili kuosha udongo, na maji hayo ya kuosha lazima yaende mahali. Haya yote nilielezwa baadaye. Siku ya kwanza nilielezwa kubonyeza kitufe. Nilipewa apareyi, kitu kama kalamu nene ya plastiki: unaichovya, unasubiri namba itulie, unaandika. Enjenyeri alichomeka vijiti viwili ukingoni, kimoja juu kabisa ya mashamba, kingine chini kabisa, karibu na daraja la miti. Kila asubuhi nipime kwenye kijiti cha kwanza, nipime kwenye cha pili, nijaze fishi, karatasi ya mradi ya kuandikia namba. Tofauti ya namba mbili ndiyo chumvi iliyoingia njiani. Niliuliza kama katikati hapana haja. "Fishi iko na mistari mbili," akasema, na akanionyesha mistari miwili.

Nililala katika depo ya mbolea pamoja na Papa Kambale, mlinzi wa maji, mtu mzima mkavu kama muwa uliokamuliwa, aliyefungua na kufunga milango ya mifereji. Yeye alikuwa na kitanda, mimi nilikuwa na magunia. Harufu ya mbolea ilipanda puani na kukaa, hata bugari, ugali wetu, ilinukia mbolea, hata ndoto. Tulipika maharagwe kwenye jiko la makaa mlangoni, na Jumapili samaki wadogo wa sambaza, tukila kutoka sufuria moja kwa sababu sahani zilikuwa na nyufa. Ukuta wa mbao ulitutenganisha na ofisi ya enjenyeri, na jioni tulimsikia akizungumza kwenye simu na wakubwa wake. "Ndiyo, shefu. Siku zingine iko sawa. Ijumaa njo inapanda, mara mbili, mara mbili na zaidi. Sijue juu ya nini. Nitapata sababu, shefu. Nitapata tu." Papa Kambale aliacha kukoroga sufuria, akaninong'oneza: "Enjenyeri wetu anatafuta sababu sawa mutu anatafuta mbuzi ya sikukuu. Ile itapita ya kwanza mbele ya mulango, njo atachinja." Tulicheka mpaka moshi ukatuingia machoni. Sasa nikikumbuka kicheko hicho natamani kujipiga kofi.

Kweli ilikuwa hivyo: siku zote namba ya chini ilipanda kidogo tu, na Ijumaa ilikuwa inaruka. Nilijaribu kila kitu. Nilisuuza kikombe mara kumi, nikabadilisha betri, nikapima alfajiri badala ya saa mbili. Ijumaa iliruka vilevile, na mimi ilinikera kama mtu anayejua wimbo na kusahau neno moja. Kosa langu sikuliona kwa kuwa lilikuwa furaha yangu. Alhamisi ilikuwa siku ya soko, na soko sikulikosa hata mara moja. Nikishapima asubuhi nilikimbia kilimani na vibarua wote wa mashamba, nikashinda huko kati ya nyama ya mbuzi, pombe ya ndizi iitwayo kasiksi na maneno ya watu, mpaka jua linaelekea kushuka. Kilichofanyika bondeni Alhamisi mchana sikukijua, na mimi, muulizaji wa kila kitu, sikukiuliza.

Ni sokoni nilipomwona Muzee Bonane akinunua chumvi. Alikuwa na kofia yake ya sufu, anaionja chumvi kwa ncha ya ulimi, anatikisa kichwa, anaenda kwa muuzaji mwingine. Kesho yake, Ijumaa, nilimkuta ukingoni mwa Kanyamuhe, katikati ya vijiti vyangu viwili, pembeni ya kibumbiro chake. Kibumbiro ni birika la udongo ambalo wafugaji wanalijenga kwa mikono chini ya ardhi kidogo, wanalilainisha kwa viganja mpaka linang'aa, wanajaza maji na kutia chumvi, na ng'ombe wanakunywa kwa zamu. Yeye aliwaita mmoja mmoja kwa jina, na walikuja mmoja mmoja, kama waumini wanaokwenda kupokea komunyo. Mama Furaha, mke wake, alisimama nyuma na jagi la maziwa.

"Kijana wa maji," Muzee Bonane akaniambia, "kila siku uko naangalia ndani ya mto. Ulipotezaka pete ya ndoa?"

"Natafuta chumvi, muzee."

"Chumvi iko sokoni. Alhamisi." Mama Furaha akacheka.

"Na hii unatia humu, haiendake mutoni?"

Alinigeukia kama nimetukana. "Weye! Chumvi nanunua. Unaona ile nyekundu? Maji ikiisha analamba udongo. Udongo ikiisha analamba mukono yangu, analamba shati ya mutoto. Mutu mwenye kununua chumvi hamwagake."

Niliona kwa macho yangu yule mwekundu akilamba kibumbiro mpaka kikakauka. Mama Furaha alinipa maziwa, ya moto bado, nikanywa nimesimama. Kisha nikarudi depo, na chini ya namba ya Ijumaa, mahali pa maelezo, nikaandika: *Siku hii ng'ombe wanapewa chumvi ukingoni mwa mto.* Si uongo. Niliandika nilichokiona. Lakini nilichokisikia sikukiandika, na nilijua ni neno gani lililokuwa linatafutwa upande wa pili wa ukuta.

Enjenyeri aliisoma mara mbili, akanipiga bega. "Hii njo kitu! Bila diplome, muangalie!" Nilifurahi, sitaficha. Hakuna mtu mwenye shule aliyewahi kunipiga bega. Wiki ile ripoti ilikwenda mjini na sentensi yangu ndani yake, ikiwa imevalishwa Kifaransa: chumvi ya mto inatokana na wafugaji. Mfereji hautachimbwa. Mama Riziki alipotangaziwa hakubisha. Alikuwa amechoka kubishana na mradi, na mfugaji hana ofisi wala ukuta. Walikwenda wao wenyewe, watu wa chini, na majembe, wakakivunja kibumbiro. Nilikuwa nimesimama kando na apareyi mkononi. Muzee Bonane hakumzuia mtu. Alisubiri wamalize, akaokota kipande cha udongo uliong'aa, akakiweka mfukoni, ndipo akanitazama. "Kijana wa maji," akasema, "sasa mutu akikunywa mto ataona utamu?" Siku mbili baadaye walipandisha ng'ombe mlimani, Mama Furaha mbele na vibuyu vyake, yeye nyuma, na hawakugeuka.

Ijumaa iliyofuata namba iliruka. Nilitikisa apareyi, nikapima tena. Iliruka vilevile, hakuna ng'ombe hata mmoja, vigae vya kibumbiro vimelala mbele yangu vikavu. Nilirudi mbio kwa Papa Kambale, aliyekuwa anamenya viazi.

"Papa, Alhamisi hapa mukuwake nafanya nini?"

"Miye? Alhamisi tunaosha mashamba."

"Munaosha ginsi gani?"

"Si batu yote wako sokoni! Hakuna mutu ndani ya matope. Nafungula milango yote, maji inajaa, chumvi inatoka, mangaribi nafunga. Maji ya kuosha inashuka mutoni usiku yote, mupaka Ijumaa asubuhi." Akanitazama na kisu juu. "Hukujua?"

"Hukuniambia!"

"Na weye uliniulizaka? Uko nauliza batu yote ya soko bei ya mbuzi, miye hukuniulizaka hata siku moja."

Soko moja ndilo lililofunga mambo yote mawili. Kwa sababu ya soko mashamba yalikuwa tupu na Papa Kambale akayaosha Alhamisi, na kwa sababu ya soko lilelile Muzee Bonane alipata chumvi na kuwapa ng'ombe Ijumaa. Nilitembea ukingoni mpaka nikaona, chini ya matete, mdomo wa mfereji wa maji machafu ukiingia mtoni hatua chache tu juu ya kibumbiro. Nikakata kijiti cha tatu, nikakichomeka katikati ya mdomo ule na kibumbiro. Ijumaa nyingine nikapima kwenye vijiti vyote vitatu. Mahali pa kijiti cha tatu, kabla maji hayajafika walipokunywa ng'ombe, namba ilikuwa tayari juu, sawa na ya darajani. Kutoka pale kwenda chini haikuongezeka kitu.

Nilidhani mtu akiwa na ukweli mkononi anafunguliwa mlango. Enjenyeri alinisikiliza amesimama, huku anatafuta kitu mezani. "Rapore ilisha enda," akasema. Nikamwambia tuandike nyingine. "Fishi iko na mistari mbili." Nikamwambia twende aone kwa macho. Aliketi, na sauti yake ikawa ya chini, karibu ya huruma. "Sikia. Nikisema nilikosea, wananitoa. Miye niko na watoto. Weye uko na nini? Mufuko." Nikaenda kwa Mama Riziki, nikitumaini hasira yake ya zamani. Alikuwa anafua. Povu hakuna, maji yamekuwa kijivu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tulivunja ile kitu ya muzee na mikono yetu," akasema. "Sasa unataka tuende tumwambie nini? Acha, mutoto wangu. Acha tu." Akaendelea kufua. Mpaka leo sijui nani alinikera zaidi, yule aliyekataa kwa sababu ya kazi au huyu aliyekataa kwa sababu ya aibu. Najua tu kwamba kila Ijumaa iliyobaki ya mwaka ule nilipima kijiti cha tatu na kuandika katika kaye niliyoinunua mwenyewe, ya jalada la buluu, na hakuna aliyewahi kuifungua. Mwaka ulipoisha nilirudisha apareyi, nikapanda lori la vitunguu, nikaenda nilikokwenda. Kupanda mlimani kumtafuta Muzee Bonane kungekuwa safari ya saa chache. Mimi niliyezunguka kila mahali, huko sikufika.

Tulipofika Sake, motari aliniacha njia panda, nikapanda kwa miguu nikiuliza nyumba ya mama wa jibini. Mvua ilinikuta njiani na kunimaliza. Ilikuwa karibu jioni nilipoona zizi, nyumba ya mbao yenye bati, kijito, na ukingoni mwa kijito kibumbiro, kimelainishwa vizuri. Mama Furaha alitoka akijifuta mikono. Amezeeka, amekuwa mdogo. Nilimpa pole, nikataja jina langu. Halikumwambia kitu, maana hawakuwahi kuniita jina.

"Ni miye kijana wa maji," nikasema.

Hakunikaribisha, hakunifukuza. Aliingia chumba cha jibini, nikamfuata na kusimama mlangoni, naye akaanza kuzigeuza moja moja kwenye mbao zake, kazi ambayo inaonekana haingoji wageni. Nikamwambia yote, huku nimesimama, maji yananitoka nguoni. Kwamba ni mimi niliyeandika. Kwamba alichosema mume wake kuhusu chumvi nilikisikia na sikukiandika. Nikatoa kaye, nikamsomea Ijumaa ya kwanza ya kijiti cha tatu, na ya pili, na ya tatu, mpaka akainua mkono.

"Ile siku nilikupa maziwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaenda kuandika, maziwa ingali mudomoni."

Aligeuza jibini nyingine tatu.

"Ile kaye ungemuletea yeye. Miye sijue kusoma, na yeye hayuko." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Batu ya chini ya huku wameanza kusema sabuni haitoe povu. Kuko mutu analima viazi kule juu, na motopompe ya kuvuta maji. Lakini macho yao iko kwa kibumbiro yetu. Wiki jana mumoja alipita na jembe begani, akasalimia, akapita."

Nilisema sina apareyi tena. Nilisema hata ningekuwa nayo hakuna ofisi itakayonisikiliza, sina karatasi yoyote, nina kaye tu. Yalinitoka kwa hasira, hasira yote ya mwaka ule.

"Nani amekuambia ofisi?" Aliinama chini ya mbao, akatoa chupa tupu za plastiki, akazipangusa kwa kanga moja baada ya nyingine, akaongeza kipande cha sabuni. "Asubuhi wanakuja kuchota. Utatia maji ndani ya chupa, utatia sabuni, utatikisa, mbele ya macho yao. Povu kila mutu anaona."

Alinionyesha pa kulala, palepale, kwenye kitanda cha kamba kati ya ukuta na rafu za jibini, na blanketi lenye harufu ya maziwa yaliyoganda. Juu ya dirisha, kwenye ubao, kulikuwa na kipande cha udongo uliong'aa upande mmoja. Hakuniambia ni nini. Akaniletea bugari na kibakuli cha maziwa, akakiweka chini badala ya kunipa mkononi, akasimama.

"Maji ya juu na maji ya chini," akasema. "Kata vijiti kabla giza haijaingia."

"Viwili?"

"Weye mwenye kaye unaniuliza miye?"

Niliacha chakula kikipoa, nikachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango, nikatoka mvuani. Nilikata vitatu.